Bisibisi Sikioni

Mzee aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye dainamo, akaupeleka mpini sikioni, akafumba macho. Boneti iko juu, injini inaunguruma, na yeye katulia kama mtu anayefuatilia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Akahamisha ncha hadi kwenye wota pampu. Akasikiliza. Akahamisha tena. Halafu akanyooka, akaifuta bisibisi kwenye ovaroli.

"Injini haina neno, mwalimu. Safi kabisa."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, na nilikuwa naisikia. Srrrrrr. Kibuyu chenye punje kavu za mahindi, na mtu anakitikisa bila kupumzika.

Nikamtazama dogo, kijana anayejifunza kazi kwake. Dogo akanitazama. Kisha akainama kutafuta spana ambayo, kwa nilivyoona mimi, alikuwa ameishika mkononi.

Nikashukuru, nikaaga, nikaondoka na sauti yangu.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Gari limeshapona, lakini picha ile ya bisibisi sikioni bado inanijia, hasa usiku nikiwa nasahihisha madaftari. Ndiyo maana naandika.

## Sabuni ya mche

Sauti ilianza mwezi wa pili, asubuhi tu, dakika mbili tatu baada ya kuwasha, kisha inaisha. Nikadhani ni unyevu. Sisi tunaoishi huku Nyegezi, Mwanza, tunaamka na umande wa ziwa juu ya kioo, na mkanda wa injini ukilowa hupiga kelele kabla haujapata joto.

Mzee naye alidhani hivyo. Safari ya kwanza akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakipitisha kwenye mkanda unaozunguka, akaniambia nenda. Safari ya pili akabadilisha mkanda wenyewe. Wanauita fenibelti mpaka leo, ingawa kwenye gari langu feni inazungushwa na mota yake ya umeme na wala haina habari na mkanda huo. Mkanda mpya ukafungwa. Sauti ikabaki, na sasa haikuwa ya asubuhi tu.

Hapo mtu mwenye akili zake angesema: basi si mkanda.

Na mimi nilisema. Nililisema ndani ya gari, madirisha yamefungwa, nikiwa peke yangu kwenye foleni ya Mkuyuni.

Mkanda unapolia, hulia kwa makelele, kwiii, na ukiumwagia maji kidogo sauti inabadilika papo hapo. Beringi, ile ringi ya gololi inayoiwezesha puli kuzunguka, haina haraka hiyo. Inachakacha chini chini, inapanda ukikanyaga mafuta, inashuka ukiachia, na maji hayaibadilishi chochote. Nilijaribu nyumbani kwa chupa ya maji ya kunywa. Haikubadilika. Nilikuwa na jibu mkononi, nikarudi gereji nalo, nikafika, nikanyamaza.

## Puli isiyozungusha kitu

Mkanda huo mmoja unatoka kwenye puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na unazungusha vitu vinne: dainamo, wota pampu, pampu ya usukani na kompresa ya AC. Ya tano ni tensheni, nayo haizungushi chochote. Ni puli tupu iliyofungwa kwenye mkono wenye springi, inaukandamiza mkanda usilegee. Najua wengine hapa mtatamani nifananishe na mama wa nyumbani au na mwalimu mkuu msaidizi. Sifananishi. Ni puli.

Ila hesabu yake ilinitisha. Kipenyo chake ni kama nusu ya puli ya krenki, kwa hiyo krenki ikizunguka mara moja, yenyewe inazunguka mara mbili. Mshale wa dashibodi ukiwa kwenye 2, maana yake ni mizunguko 2,000 kwa dakika. Puli ile inapiga 4,000. Ukiendesha saa moja mfululizo ni mizunguko 240,000, na yote inabebwa na gololi 8 ndogo ndani ya beringi inayoenea kiganjani. Gari langu ni la mwaka 2003. Fanyeni wenyewe.

## Mzee

Ananitengenezea magari mwaka wa kumi na moja sasa. Alijifunza kazi kwenye Land Rover na Bedford, enzi ambazo fundi aliponda, akachonga, akachomea mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kuziba masikio. Gereji yake inapakana na mtu wa bodi. Upande mmoja nyundo, upande wa pili grainda, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linazama.

Dalili zilikuwepo. Mara mbili nilimpa shikamoo kutoka nyuma, hakuitika, nikadhani kuna deni nimelisahau. Siku moja nilimuuliza bei ya pedi za breki, akanijibu, "Wazima wote, namshukuru Mungu." Tukacheka. Nilidhani ni utani wake.

Darasani mtoto wa namna hiyo namtambua ndani ya wiki. Anacheka baada ya wenzake kucheka. Anatazama midomo. Namhamishia dawati la mbele na maisha yanaendelea.

Mzee wa watu nimhamishie wapi?

Baadaye mwalimu wa baiolojia alinieleza ofisini jinsi inavyokwenda. Kelele inayofikia desibeli 85, ukikaa nayo saa 8 kila siku kwa miaka, inaua vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio, na vikifa havioti tena. Vinavyotangulia ni vile vya sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu anaendelea kusikia lori, anasikia sauti nzito ya mwanaume mwenzake, anasikia injini. Anachopoteza kwanza ni ndege, sauti za watoto, herufi kama S na F.

Na beringi iliyoanza kukauka.

Bisibisi ilikuwa inamletea injini nzima sikioni, ila bila ule mlio mwembamba uliotupeleka pale. Alisema kweli aliposema ni safi. Kwake ilikuwa safi.

## Kwa nini sikusema

Hapa ndipo ninapokwama kila nikijaribu kuandika, kwa sababu nikisema ni heshima tu nitakuwa nadanganya.

Heshima ilikuwepo. Huwezi kumwambia mtu wa umri wa baba yako, mbele ya wateja watatu na kijana wake wa kazi, kwamba hasikii. Kusikia ndiyo kazi yake. Mtu wa Igoma anavuka mji mzima kuleta gari pale kwa sababu amesikia kuna mzee akiweka bisibisi sikioni anakwambia ugonjwa kabla hajafungua nati.

Lakini nilikuwa na la kwangu pia. Mwezi wa kwanza, siku moja kabla ya sendofu ya mdogo wangu, nilipeleka gari kuoshwa kule ufukweni. Kijana akaniuliza, "Na injini tupige, dada?" Nikasema piga. Akaingiza mpira wenye presha chini ya boneti, maji yakatoka meusi, injini ikang'aa kama imetoka bandarini. Nilimpa na ya soda.

Mzee alishanikataza jambo hilo mara zisizo na idadi. "Injini haiogeshwi kama mtoto," husema. "Futa kwa kitambaa." Beringi ile imezibwa kwa mpira pande zote mbili, ila mpira wa miaka ishirini na kitu hauzuii maji yenye presha. Yakishaingia yanaifukuza grisi, kutu inafanya kazi yake taratibu, na baada ya mwezi unaanza kusikia mahindi kwenye kibuyu.

Kwa hiyo nilikuwa nahofia swali moja: "Hii imepita kwenye maji wapi?"

Yeye hasikii, mimi sisemi. Tukaelewana hivyo wiki sita.

## Kabla ya Usagara

Wiki iliyofuata Pasaka nilikuwa nampeleka mama Sengerema kwenye arobaini ya shangazi. Alikuwa hajavuka daraja la Kigongo–Busisi tangu lifunguliwe Juni 2025. Mama ni mtu wa kivuko, ana hadithi zake za kulala Kigongo akisubiri zamu, na njia nzima alikuwa ananiuliza hivi kweli unavuka bila kushuka kwenye gari.

Tulipoiacha Buhongwa sauti ikabadilika. Kibuyu kikawa mashine ya kokoto. Mama akasema, "Hiyo nini?" Nikasema ni barabara.

Halafu pah, kisha kimya.

Kwa sekunde moja nilifurahia ule ukimya. Taa ya betri ikawaka. Nikakata usukani kuingia pembeni, ukanigomea kama kuna mtu ameushika upande wa pili. Nikaelewa kwamba mkanda umetoka, na mkanda ukitoka wota pampu imesimama, maji hayazunguki. Hii injini kichwa chake ni cha aluminiamu, ikichemka kinapinda, na hapo unazungumzia fedha nyingine kabisa. Nilizima kabla mshale wa joto haujavuka katikati. Ndilo jambo pekee la maana nililofanya katika kisa hiki chote.

Nikampigia mzee.

"Haloo! Haloo! Ongea!"

Nikaongea. Nikarudia kwa sauti ya mstari wa asubuhi shuleni. Mama akanitazama. Kisha nikasikia simu inapokewa na mkono mwingine, na sauti ya dogo, ya chini:

"Mwalimu, ni ile?"

"Ni ile."

"Tunakuja."

## Vidole viwili

Walikuja na bajaji, wamepakata sanduku la spana. Mzee alimsalimia mama kwanza, "Mwadila, mayu," wakaulizana ya nyumbani kwa Kisukuma kama hakuna gari lililofunguliwa boneti. Kisha akasogea.

Mkanda ulikuwa unaning'inia, ukingo mmoja umechanika nyuzi. Dogo akautoa. Bila mkanda, kila puli inazungushwa kwa mkono peke yake, na kila moja inajieleza. Akazungusha ya dainamo, ikaenda vizuri, ikasimama. Ya wota pampu, nzito kidogo, bila mchezo. Akafika kwenye tensheni.

Akasita. Nilimwona akisita.

Akaizungusha. Ikalia. Mama, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe hatua kumi kutoka pale akimenya karanga, aligeuka.

Mzee hakuitazama puli. Alitutazama nyuso: ya dogo, yangu, ya mama. Kisha akanyoosha vidole viwili, akaviweka katikati ya puli ikiwa bado inazunguka. Akafumba macho vilevile kama siku ile ya bisibisi. Safari hii hakukaa muda.

"Lete mkono, mwanangu."

Akachukua kidole changu, akakiweka pale, akaizungusha yeye mwenyewe. Ilikuwa kama kugusa msasa kupitia kitambaa. Akaitingisha kulia na kushoto, ikacheza.

"Hii imekufa muda," akasema. Akamgeukia dogo. "Tangu lini inalia?"

Magari yakapita mawili, matatu.

"Mwezi wa pili, mzee."

Hakusema kitu. Akachukua soketi, akaanza kufungua bolti ya puli. Ilipotoka, akang'oa mpira wa beringi kwa ncha ya kisu. Ndani hapakuwa na grisi. Palikuwa na ungaunga wa kahawia na gololi zilizopauka. Akanioneshea kiganjani.

"Na hii imekunywa maji. Yametoka wapi?"

"Niliosha injini. Mwezi wa kwanza."

"Kwa presha?"

"Kwa presha, mzee."

Akatikisa kichwa, taratibu. "Kumbe wote mlikuwa mnajua lenu."

## 6203

Nilisema tununue tensheni nzima, nilipe yaishe. Nadhani nilitaka kuadhibiwa kidogo. Mzee akakataa. Mpya ya maana ni bei, na ya mtumba iliyoshushwa kutoka kwenye injini nyingine inakuja na beringi ya umri uleule wa gari lako. Mkono wa tensheni aliusukuma kwa mkono wa soketi, ukarudi kwa nguvu, haukuyumba. Springi nzima. Kilichokufa ni beringi peke yake, na ubavuni ilikuwa imeandikwa 6203.

Namba hiyo ina maana. Tundu milimita 17, kipenyo cha nje milimita 40, unene milimita 12, popote duniani. Iko kwenye mota za pampu za maji, iko kwenye mashine za kufulia. Dogo akapanda boda kwenda kuitafuta, pamoja na mkanda mwingine, akarudi baada ya saa moja na beringi mbili za maboksi tofauti kwa sababu hakumwamini muuzaji. Mzee akazishika moja moja, akazungusha kwa kidole gumba. Moja ilizunguka kwa wepesi sana, mbio, haitaki kusimama. Mimi ningechagua hiyo. Yeye akaiweka pembeni.

"Hii haina grisi. Beringi mpya huwa na uvivu kidogo."

Ya zamani ilitolewa kwa kuiweka puli juu ya vipande viwili vya mbao na kuigonga kutoka nyuma. Ya kuingiza ndiyo yenye siri, na hapo mzee alimsimamia dogo kama mtahini. Unatafuta soketi ambayo mdomo wake unakaa sawasawa kwenye ringi ya nje ya beringi, unagonga kidogo kidogo, ukizunguka. Ukigonga ringi ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, na unaifunga beringi mpya ikiwa tayari imeumia. Dogo aligonga. Kila baada ya pigo mzee alipitisha ukucha kwenye ukingo kuona kama imekaa upande.

Kisha soketi namba 19 kwenye tensheni, paipu ya kuongezea urefu, mzee akavuta mkono wa springi ukanywea, dogo akaupitisha mkanda mpya puli kwa puli. Nilitaka kusaidia, nikaambiwa nishike tochi, saa tisa mchana. Nikaishika. Mzee akakagua kwa kidole kila mfereji wa mkanda, umekaa mahali pake au umepanda ukingo. Akaachia.

"Washa."

Nikawasha. Injini ikatulia. Nilikaa nikisubiri kibuyu, sikukisikia. Taa ya betri imezimika. Nikashuka.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono yote miwili juu ya kingo za boneti, ananitazama mdomoni.

"Imenyamaza?"

Miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa ananiambia mimi.

"Imenyamaza, mzee."

Beringi elfu kumi na mbili. Mkanda, boda na bajaji nikalipa juu. Ufundi alikataa, nikabishana, akapokea nusu. Daraja tulilivuka jioni, jua likiwa chini, na mama hakusema neno mpaka tulipofika upande wa Busisi.

"Yule mzee hasikii," akasema. "Mlikuwa mnamwacha tu?"

## Tangu hapo

Nilimpata dogo peke yake wiki iliyofuata, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia magari mengine huwa anayarudia yeye baada ya mzee kumaliza. Anatoa mkanda, anazungusha puli, anarekebisha anachokikuta, kimya kimya. Mteja anaondoka akimsifu mzee, mzee anabaki na jina lake. "La kwako nashindwa, mwalimu. La kwako hulishika mwenyewe. Anasema la mwalimu haliguswi na mwanafunzi."

Sijajua nilipeleke wapi hilo. Gari langu lilikaa wiki sita na ugonjwa kwa sababu nilikuwa mteja wa heshima.

Mzee nilimwambia aende hospitali ya Bugando, kitengo cha masikio. Nilimwambia uso kwa uso, polepole, tukiwa wawili. Alicheka. "Niende nikasikilize au nikasikilizwe?" Hakusema ataenda, hakusema haendi. Sijamuuliza tena na najua napaswa kuuliza.

Jumamosi iliyopita nilipita kuangalia upepo wa matairi. Palikuwa na Noah imefunguliwa boneti, mwenye nayo kasimama kando, mikono mfukoni. Bisibisi ilikuwa mkononi mwa dogo, mpini sikioni, ncha kwenye chuma. Mzee alikuwa ameinama upande wa pili, kiganja kimelala juu ya mwili wa pampu.

"Dainamo," dogo akasema, kwa sauti kubwa, uso wake umemwelekea.

"Wota pampu," mzee akasema.

"Dainamo, mzee. Nasikia."

"Na mimi nashika. Zima, toa mkanda."

Nilikuwa na kipindi cha ziada saa nne. Niliondoka dogo akiwa ndiyo kwanza anatafuta soketi.